Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Grafiki na Linux

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kadi ya grafiki imepachikwa kwenye kompyuta ya mezani, Linux imeingia vizuri, lakini picha inakataa au inakwenda kwa kusuasua. Kabla hujasoma majibu, shika hili: jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi kukuambia draiva (programu inayoiendesha kadi) ipi inafaa. Kinachoamua ni chipu iliyo chini ya feni. Fungua terminali uandike:

lspci -nnk | grep -A3 -E "VGA|3D"

Mstari wa kwanza unataja chipu. Mstari wenye maneno "Kernel driver in use" unataja draiva inayoiendesha wakati huo. Ukituandikia, nakili majibu hayo kwenye barua yako, maana bila hayo tunapapasa gizani.

Nimenunua HP EliteDesk 800 G1 ya mtumba, nikaiwekea kadi ya GeForce GT 730 na Ubuntu 24.04. Rafiki alinishauri niweke draiva mpya, nvidia-driver-550. Baada ya kuwasha upya kila kitu kimekuwa kikubwa kwenye skrini, 1024 kwa 768, na nvidia-smi, amri ya kuonyesha hali ya kadi, inasema imeshindwa kuwasiliana na draiva. Nifute Linux nianze upya?
*Mchora mabango, Barabara ya Nasser, Kampala*

Usifute chochote, ndugu. Linux yako ni nzima. Draiva ndiyo isiyolingana na kadi.

Jina GT 730 liliuzwa likiwa na chipu za vizazi viwili. Ipo yenye GF108, ya kizazi cha Fermi, ambayo lspci huionyesha kwa namba 10de:0f02. Ipo pia yenye GK208, ya kizazi cha Kepler, namba 10de:1287. Kwa macho zinafanana, lakini kila moja ina draiva yake. Kepler inaishia kwenye tawi la 470, yaani matoleo ya draiva yanayoanza na namba hiyo. Fermi inaishia kwenye 390, ambalo NVIDIA waliacha kulitunza mwishoni mwa 2022 na halimo tena kwenye Ubuntu 24.04. Tawi la 550 haliijui hata moja kati ya hizo mbili.

Kilichokupata ni hiki. Kifurushi cha NVIDIA kinapoingia huizuia nouveau, draiva huria inayokuja na keneli (kiini cha Linux), ili zisigombanie kadi moja. Kisha moduli ya 550, kile kipande cha draiva kinachoingia ndani ya keneli, ikaitazama kadi yako na kuikataa. Basi nouveau imefungiwa mlango, nvidia imegoma, na kadi imebaki bila mwenye kuiendesha. Skrini inaonyesha kile kidogo kilichoachwa na BIOS. Keneli yenyewe imekwisha kukuandikia sababu, isome:

sudo dmesg | grep -i nvrm

Kama chipu ni Kepler utakuta sentensi inayosema kadi hii "supported through the NVIDIA 470.xx Legacy drivers". Sentensi hiyo moja ingekuokolea siku nzima ya kusakinisha na kufuta, kwa hiyo zoea kuisoma kwanza kila draiva inapogoma.

Sasa kazi yenyewe. Kama skrini inaonekana, tumia terminali. Kama ni nyeusi, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate kuingia kwa maandishi. Hilo likishindikana, washa upya huku ukigonga Esc (kwa mashine za BIOS ya zamani shikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB, kiwashio cha Linux, itokee. Ukigonga Esc kupita kiasi utajikuta mbele ya alama ya grub>. Andika normal, Enter, kisha gonga Esc mara moja. Kwenye menyu simama juu ya Ubuntu, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake ongeza nafasi na neno nomodeset. Ctrl+X inaiwasha. Neno hilo linaizuia draiva ya kadi kushika skrini, na linatumika kwa safari hiyo moja tu.

Kisha safisha na uweke inayofaa:

sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'
sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo ubuntu-drivers install nvidia:470
sudo reboot

Usiziruke hizo headers. Moduli inapojengwa kwenye mashine yako na DKMS (chombo kinachoijenga upya kwa kila keneli), inahitaji faili za keneli ileile unayoitumia. Zikikosekana, vifurushi vyote vitaingia, utaona kila kitu kimekamilika, na bado hakutakuwa na moduli ya kupakia. Andika dkms status: ukiona neno "installed" mbele ya namba ya keneli yako, umepona. Ukiona "added" peke yake, ujenzi haukufanyika. Ujenzi ukigoma njiani, sababu iko kwenye faili ya make.log ndani ya /var/lib/dkms/nvidia.

Kwenye EliteDesk kuna mtego mwingine: Secure Boot, ulinzi unaokubali moduli zenye saini tu. Ikague kwa mokutil --sb-state. Kama imewashwa na moduli imejengwa kwenye mashine yako, usakinishaji utakuomba utunge neno la siri la herufi zisizopungua 8. Mashine ikiwaka tena inatokea skrini ya bluu. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika neno lile, kisha Reboot. Skrini hiyo haikusubiri sana, baada ya sekunde 10 inajiendea zake, na watu wengi wanaipita wakidhani ni hitilafu. Ukiipita, modprobe itakujibu "Key was rejected by service". Irudishe kwa amri hii, kisha uwashe upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Tunga neno la siri la herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu kibodi ya skrini ile ni ya mpangilio wa Kimarekani na alama nyingine hubadilika mahali.

Mambo yakikaa sawa, nvidia-smi itaonyesha 470 na CUDA 11.4. Sehemu nyingi zitaandikwa N/A. Kwa kadi hii ni kawaida. Kwenye skrini ya kuingilia, bofya alama ya gia uchague "Ubuntu on Xorg", kwani tawi la 470 halielewani vyema na Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini.

Na kama lspci itakuonyesha GF108? Ishia kwenye amri ya purge, washa upya, uiachie nouveau. Kwa Inkscape na GIMP inatosha kabisa.

Nilikuwa katikati ya kuweka draiva, umeme ukakatika. Sasa kompyuta inasema "Kernel panic, not syncing: VFS: Unable to mount root fs". Data zangu zimepotea?
*Mwanafunzi, Jinja*

Hazijapotea. Ujumbe huo unatisha kuliko ubaya wake. Draiva inaposakinishwa, mwishoni mfumo huandika upya initramfs, faili ndogo inayosomwa na keneli kabla diski haijafunguliwa. Umeme ukiondoka wakati huo faili inabaki nusu, au haipo kabisa, na keneli haijui diski iko wapi. Nyaraka zako hazijaguswa.

Kwenye menyu ya GRUB ingia "Advanced options for Ubuntu" uchague keneli ya nyuma yake. Kwa kawaida Ubuntu huweka angalau moja ya akiba, na hii ndiyo kazi yake. Ukishaingia:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Amri ya kwanza inaendeleza pale ilipoachia. Ikilalamika kwamba nafasi imekwisha, tazama df -h /boot. Sehemu hiyo ikijaa, initramfs haitaandikika hata umeme ukiwepo.

Kuna uharibifu mwingine unaojificha. Umeme ukikatika ghafla, faili zilizokuwa zikiandikwa zinaweza kubaki na jina bila kitu ndani. Zitafute:

find /lib/modules -name '*.ko*' -size 0

Zikitokea za nvidia, rudia kifurushi chake: sudo apt install --reinstall nvidia-dkms-470, au namba ya tawi unalotumia.

Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo gawa kazi mara mbili. Kwanza pakua peke yake kwa sudo apt install --download-only ukifuatisha jina la kifurushi. Hapo umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Kisha subiri saa ambayo umeme umetulia, au chomeka kwenye UPS, uendeshe amri ileile bila neno hilo. Hata UPS ndogo ya 650 VA inakupa dakika za kutosha kumaliza, mradi usiichomekee na printa ya leza.

Nina Radeon RX 550. Draiva ya Linux naipakua wapi?
*Msomaji, Mbale*

Hupakui popote. Draiva ya amdgpu imo ndani ya keneli, na sehemu ya juu yake, Mesa, imekuja na mfumo. Sasisha mfumo, hakikisha kifurushi cha linux-firmware kipo, basi. Ukiona glxinfo -B (imo kwenye mesa-utils) inataja llvmpipe, maana yake picha inachorwa na prosesa na kadi imekaa bure. Mara nyingi sababu ni neno nomodeset lililoachwa ndani ya /etc/default/grub. Lifute, endesha sudo update-grub, washa upya.

Wenye Radeon za zamani zaidi, mfano R7 240, wataona keneli nyingi zinaipa kadi hiyo draiva ya radeon, ambayo haina Vulkan, njia ya kisasa ya kuchora picha za 3D. Kwenye faili ileile ya grub, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1. Ile vulkaninfo --summary ndiyo itakayothibitisha.

Shule yetu ina kompyuta za aina moja kwenye maabara, zote na Ubuntu 24.04 na kadi za NVIDIA. Tunanunua bando. Hatuwezi kupakua draiva upya kwa kila mashine.
*Mwalimu wa kompyuta, Arua*

Mwalimu, hakuna haja. Kabla ya kuanza, apt huonyesha mstari wa "Need to get" na idadi ya MB. Isome, ndiyo gharama yako, kisha uilipe mara moja tu.

Kama mashine hazina mtandao baina yao, tumia flashi. Kwenye mashine ya kwanza:

sudo apt clean
sudo apt install --download-only nvidia-driver-470
cp /var/cache/apt/archives/*.deb /media/jina/flashi/

Badilisha njia ya mwisho iwe ile ya flashi yako. Neno --download-only ni la lazima, kwa sababu apt ikimaliza kusakinisha hufuta yale iliyoyapakua, na utaikuta folda tupu. Kwenye mashine nyingine ingia ndani ya folda ya flashi uandike sudo apt install ./*.deb. Ile ./ ya mwanzo inaiambia apt kwamba ni faili za hapo hapo, si majina ya kutafuta mtandaoni.

Njia hii inataka mashine zote ziwe sawa: toleo moja, masasisho ya siku moja, keneli moja. Linganisha uname -r kabla. Mashine iliyosasishwa mwezi uliopita na isiyosasishwa tangu ilipowekwa zinahitaji vifurushi tofauti, na hapo apt itadai vitu ambavyo havimo kwenye flashi.

Kama mna swichi na nyaya, tunawashauri apt-cacher-ng. Sakinisha kwenye mashine moja, tuseme yenye anwani 192.168.1.10. Kwenye nyingine zote tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy yenye mstari huu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kuanzia hapo mashine ya kwanza inayoomba kifurushi inakilipia bando, zinazofuata zinakipata kwa waya wa maabara. Faida haiishii kwenye draiva. Masasisho yote ya muhula mzima yanapita hapo. Ila mashine hiyo lazima iwe imewashwa nyingine zinaposasishwa, la sivyo zitalalamika kwamba hazifikii mtandao.

Na msikubali kubeba ile faili ya .run kutoka tovuti ya NVIDIA kwenye flashi, hata kama inaonekana rahisi kwa kuwa ni moja. Haimo kwenye hesabu za apt. Keneli ikisasishwa, moduli yake inaweza kubaki ya keneli ya zamani, na asubuhi moja maabara nzima ikawaka bila picha. Aliyekwisha kuitumia aiondoe kwa sudo nvidia-uninstall kabla ya kuweka vifurushi vya Ubuntu.

Nahariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho). Nimeweka GT 1030 na draiva ya 580, nvidia-smi iko sawa, lakini Kdenlive inakataa kutoa video kwa NVENC (sehemu ya kadi inayoandika video). Nibadilishe draiva?
*Mpiga video, Masaka*

Usibadilishe, ndugu. Draiva yako ni sahihi, tena 580 ni tawi la mwisho linalokubali chipu za kizazi cha Pascal kama yako, 590 imeziacha. Tatizo ni kwamba chipu ya GT 1030, GP108, haikuwekewa kabisa sehemu ya NVENC. Inaweza kusoma video kwa kasi, haiwezi kuiandika. Ndiyo maana ffmpeg inajibu "No capable devices found". Hakuna draiva itakayoongeza kitu ambacho hakimo kwenye silikoni. Inauma, hasa kwa mtu aliyeinunua kwa kazi hiyo, na muuzaji mwenye kuijua bidhaa yake angekwambia. GTX 1050 inayo NVENC.

Kabla hujatoa pesa nyingine, tazama prosesa yako. Kama ni Intel Core ya kizazi cha 4, mfano i5-4570, ndani yake kuna grafiki ya HD 4600, na hiyo inaweza kuandika H.264. Huenda BIOS imeizima ulipopachika kadi, kwa kuwa mpangilio wa kawaida ni kuizima kadi nyingine ikionekana. Ingia BIOS uwashe grafiki ya ndani, acha monita kwenye kadi, kisha:

sudo apt install i965-va-driver-shaders vainfo
ls /dev/dri
vainfo --display drm --device /dev/dri/renderD128

Ukiona renderD128 na renderD129, moja ni ya Intel, jaribu zote mbili. Tafuta mstari wa VAProfileH264 wenye VAEntrypointEncSlice. Huo ndio ushahidi kwamba inaandika. Jaribu kwa faili fupi:

ffmpeg -vaapi_device /dev/dri/renderD128 -i kwanjula.mp4 -vf format=nv12,hwupload -c:v h264_vaapi -qp 22 -c:a copy jaribio.mp4

Ukipunguza 22 kuwa 20 ubora unapanda na faili inanenepa. Kwenye Kdenlive chagua mpangilio wa VAAPI (njia ya kuandika kwa grafiki hiyo ya Intel) badala ya NVENC.

Muuzaji wa mtumba ananiuzia GTX 1050 Ti kwa bei nafuu mno. Nitajuaje kama ni halali, na itaingia kwenye Dell OptiPlex 7010 ndogo?
*Msomaji, Bombo*

Anza kwa macho. Tazama matundu ya nyuma. GTX 1050 Ti ya kweli haitoi VGA, kwani NVIDIA waliondoa picha ya analogi kwenye mfululizo wote wa 10. Ukiona tundu la bluu la VGA la pini 15, rudisha kadi mezani. Ziko nyingi duniani zenye chipu ya GTX 550 Ti au GTS 450 ndani, zilizoandikwa BIOS ya uongo ili zijitaje kuwa 1050 Ti.

Kisha nenda dukani na flashi ya Ubuntu ya kujaribia, uombe iwashwe kwenye mashine yao bila kusakinisha. Andika:

sudo dmesg | grep -i nouveau

Nouveau haiamini jina lililoandikwa kwenye BIOS ya kadi. Inasoma namba ya chipu kutoka kwenye chipu yenyewe. Kadi halali itaandikwa "NVIDIA GP107". Ikiandikwa GF116, GF106 au chochote kinachoanza na GF, hiyo ni Fermi, na draiva ya 580 haitaigusa kamwe.

Kuhusu OptiPlex yako: kwenye kasha dogo inaingia kadi fupi ya kimo tu, yenye kibano kifupi, kwa hiyo pima kabla. GTX 1050 Ti inakula wati 75, sawa na mwisho wa kile sloti ya PCIe inachoruhusiwa kutoa, na pawa saplai ya kasha hilo ni ya wati 240. Soma kitabu cha mashine, kwa sababu baadhi ya kompyuta ndogo za ofisini zimewekewa kikomo cha chini ya 75 kwenye sloti. Kikomo kikiwa kidogo, GT 1030 yenye wati 30 inakaa bila wasiwasi, ila chagua ya GDDR5. Ile ya DDR4 ina jina lilelile, lakini kumbukumbu yake inapitisha GB 16.8 kwa sekunde badala ya 48, na kwenye tangazo mara nyingi hawaandiki ni ipi. Geuza kadi usome stika ya nyuma, au utafute namba ya modeli yake kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani.